Siku Nilipompulizia Pumzi Mbuzi wa Posa ya Dada

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini leo naisema kwa mdomo wangu mwenyewe kabla hamjaipata kwa dada yangu Sekela, maana yeye akiisimulia huongeza chumvi mpaka mwisho mbuzi anasimama na kutembea. Mbuzi hakusimama. Alilia tu, tena mara moja.

Nilikuwa kidato cha tatu, nasoma bweni huko Mbeya, na nimerudi Itaka likizo ya mwezi wa sita. Zilikuwa zile zama za vijiji vya ujamaa na Elimu ya Kujitegemea, ambapo sisi wanafunzi tulishika jembe kuliko kalamu (au ndivyo tulivyolalamika), na mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa mtu aliyeyachukulia mambo hayo kwa moyo wote. Siku ya kufunga shule alituambia kwamba mtu anayesomeshwa na wananchi halafu harudishi kwao hata neno moja ni kupe, basi kila mmoja wetu achague mfumo mmoja wa mwili wa binadamu, akawafundishe watu wa kijijini kwake, na arudi na karatasi iliyosainiwa na balozi wa nyumba kumi. Asiye na saini atalima bustani ya mwalimu muhula mzima. Mimi nikachagua mfumo wa upumuaji kwa sababu ndio uliokuwa na kurasa chache.

Sasa ninyi mnanijua. Wiki ya kwanza nilisema nimechoka na safari, ya pili nikachuma kahawa, ya tatu nikasuka nywele, na nyingine zikaenda hivyo hivyo, mpaka ikafika Jumamosi ya mwisho, Jumatatu napanda basi, karatasi iko nyeupe. Na Jumamosi hiyo ndiyo wageni wa Sekela walikuwa wanakuja kutoka Isansa kuposa.

Hapo lazima nimseme dada yangu kidogo. Sekela alikuwa na miaka ishirini na sita, umri ambao kwetu wakati ule watu walikuwa wanautaja kwa kunong'ona. Aliacha shule darasa la nne ili anilee mimi Mama alipokuwa mgonjwa, akanibeba mgongoni mpaka watu wasiotujua wakadhani ni mwanawe. Posa ya kwanza ilivunjika baada ya bwana kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda kutafuta kazi na asionekane tena, ya pili ilivunjika sijui kwa nini, watu wazima walinyamaza tu. Hii ilikuwa ya tatu, tena ya Ezekia, kijana ambaye Sekela alimpenda kwelikweli, nilijua kwa sababu alipomtaja alikuwa anatazama pembeni. Usiku wa kuamkia siku ile aliniambia, "Eda, hii ikivunjika, mimi sitaki nyingine. Nitakaa na Mama tu." Akageukia ukutani akalala.

Halafu niwaeleze habari ya mbuzi wa posa, bila hivyo hamtaona nilichokiharibu. Katika ukoo wetu, na wa akina Ezekia vilevile, mbuzi wa siku hiyo akichinjwa, koo, mapafu na moyo hutolewa pamoja vikiwa vimeshikana, havikatwi, vinawekwa kwenye ungo juu ya jani la mgomba. Mshenga wa wageni anakuja kuvitazama. Akikuta ni visafi na vimetulia anasema, "Mbuzi amekubali," ndipo maneno ya posa yanaanza. Akikuta kuna kinachotikisika, anasema mbuzi amekataa, watu wanachukua kofia zao. Kabla ya neno lake hakuna anayezungumza jambo lolote la maana, wanaulizana tu hali ya mvua.

Basi wageni wakafika. Mshenga wao, Mzee Lazaro, alikuwa mtu mrefu mwenye koti jeusi, anasukuma baiskeli, na juu ya keria amekaa baba yake Ezekia, Mzee Nzowa, ameshika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili. Hakuweza kupanda kilima chetu kwa miguu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, akarudi na redio, suti mbili, maneno ya Kibemba na kikohozi. Alikuwa anasema maneno manne anapumzika, manne mengine anapumzika. Wakaingia sebuleni kwa Baba, na Balozi wetu naye akaingia, maana alialikwa kama jirani.

Mimi niko nyuma ya jiko na akina mama, ungo umeletwa, nikatazama. Mapafu yale yalikuwa ya waridi, safi, yanang'aa. Darasani kwetu tulikuwa tumeyaona kwa chaki tu ubaoni, na mwalimu mwenyewe alichora vibaya (mkimwona msimwambie). Nikafikiri, akina mama hawa hapa, wapo kama kumi, Balozi yuko sebuleni, mapafu ndiyo haya, sasa nangoja nini? Nikamwambia Mama, "Mama, naomba huo ungo dakika moja tu, niwaonyeshe shangazi zangu jambo la shule." Mama alikuwa anapuliza moto, macho yamejaa moshi, akajibu bila kugeuka, "Usikate kitu."

"Sikati, Mama."

Na sikukata. Hadi leo ninajitetea hivyo.

Nilianza kwa bua la jani la boga, nikaliingiza kooni mwa yule mbuzi nikapuliza kwa mdomo, lakini lilikuwa linavuja na akina mama wakaanza kunicheka, shangazi mmoja akasema, "Shule yenyewe ndiyo hii, kumbusu mbuzi?" Nikaona aibu. Ningeachia hapo, leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Lakini macho yangu yakaenda ukutani, nikaiona ile baiskeli ya mshenga, na kwenye baiskeli nikaiona pampu.

Nikaichukua. Bila kuomba, nakiri. Nikapitisha mpira wake kooni, nikafunga kwa kamba ya mgomba, nikashindilia. Mapafu yakajaa! Akina mama wakasema "Aaah!" kwa pamoja, nami jinsi nilivyo nikisifiwa, kichwa kikavimba kuliko mapafu. Nikaanza kuhutubia, Kiswahili nusu na Kinyiha nusu, kwa sababu darasani tulifundishwa kwa Kiingereza na ilibidi nitafute maneno njiani. Nikawaambia mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zenye uhai, ndogo kuliko punje ya ulezi iliyosagwa, na kila chembe, hata iliyo kwenye ukucha wa mguu, inangoja hewa, na damu ndiyo inayobeba hewa hiyo kutoka mapafuni kwenda kuzigawia nyumba kwa nyumba. Shangazi akauliza, "Hata chembe za mvivu zinapewa?" Nikasema zinapewa sawasawa. Wakasema huo ndio ujamaa wenyewe.

Nikashindilia tena, nikajaza mpaka yakawa kama mito miwili. Na hapo hapo, kwenye kona ya jiko, Mzee Lazaro akatokea na koti lake jeusi, kofia ameshika mkononi kwa heshima, Balozi nyuma yake, wamekuja kumtazama mbuzi.

Nilishtuka, mkono ukateleza, kamba ikalegea, na hewa yote niliyoijaza ikarudi kwa kishindo kupitia koromeo.

"Meeeee!"

Si mlio wa kuiga, jamani. Ulikuwa mlio wa mbuzi kabisa, wa mbuzi ambaye kichwa chake kilikuwa ndani ya sufuria nyingine. Na mapafu yanashuka, yanatikisika mbele ya macho ya mshenga.

Akina mama walitawanyika, sinia la viazi likaanguka, shangazi aliyekuwa ananicheka alikutwa baadaye ndani ya ghala la mahindi amejifungia. Balozi wetu, mtu wa chama, aliyekuwa akituhutubia kila wiki tuache imani za kizamani, aliruka ua wa michongoma, na ua ule hata ndama hakuuweza. Mzee Lazaro peke yake hakukimbia. Alivaa kofia yake pole pole, akasema, "Mbuzi amekataa." Akageuka.

Pampu nikaiangusha pale pale kwenye ungo, mpira ungali kooni. Nikasikia sebuleni viti vinasogezwa, sauti ya Baba inabembeleza, "Wazee wangu, jamani, ni utoto," na sauti ya Lazaro inajibu kwamba yeye anasema alichokiona. Sekela akatoka ndani. Alikuwa amevaa kanga mpya, amejipaka mafuta, nyusi amezitengeneza. Akautazama ungo, akanitazama mimi.

"Eda, umefanya nini?"

Hakupaza sauti. Angenipiga ingekuwa nafuu. Kisha Sekela, yule yule niliyekuwa nimemharibia maisha dakika moja iliyopita, akanifuta damu ya mbuzi shavuni kwa pindo la kanga yake mpya, kisha akarudi ndani akafunga mlango. Nikasikia amekaa sakafuni. Nikalia hadi kwikwi.

Kilichotuokoa ni gurudumu. Ile baiskeli ilikuwa inavuja upepo taratibu, ndiyo maana Lazaro hakutembea bila pampu, na walipotaka kumpandisha Mzee Nzowa waondoke wakakuta gurudumu la nyuma limekaa chini kabisa. Kwa miguu mzee hafiki hata barabarani. Na pampu iko wapi? Iko kooni mwa mbuzi. Lazaro akasema pampu iliyoingia kwenye koo la mbuzi aliyekataa yeye haigusi, Baba akaogopa kuigusa, Balozi alikuwa bado anajitoa miiba. Wakakaa barazani kama abiria wa gari bovu, hakuna anayesema hata habari ya mvua.

Mzee Nzowa ndiye aliyeuliza, "Kwani tunangoja nini?"

Baba akamweleza, kichwa ameinamisha. Halafu mabega ya mzee yakaanza kutikisika, tukadhani ni kikohozi, kumbe anacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi kweli, wakamshika. Alipopata pumzi akasema, "Nileteeni huyo mbuzi. Na pampu yake. Na huyo mtoto."

Nikaenda na ungo kichwani, nikapiga magoti mbele yake.

"Nani kakufundisha... kufufua mbuzi?"

"Sijamfufua, baba. Nilikuwa nafundisha mapafu."

"Mzee, umsamehe," Baba akadakia. "Shule imemharibu."

"Basi aniharibu na mimi," akasema Mzee Nzowa. "Fundisha, mukwai." (Hilo "mukwai" ni la Kibemba, la heshima, mtu mzima hamwambii mtoto. Aliniambia mimi.)

Nikafundisha. Nilifunga kamba, nikashindilia pole pole, nikamwonyesha hewa inavyoingia, nikamwambia ndani kuna vifuko vidogo vidogo visivyohesabika, kila kimoja na mishipa yake ya damu. Akainama karibu. Akaligusa pafu kwa kidole, likabonyea, likarudi. "Laini," akasema. Akaligusa tena. "Laini hivi."

Kisha akaniuliza, taratibu, akipumzika kila mahali, "Na pafu la mtu... aliyevuta vumbi la mawe... miaka kumi na minne. Lenyewe huwaje?"

Akaeleza kwamba daktari wa mgodini alimpiga picha ya kifua, akaishika dirishani, akasema maneno mengi ambayo hayakutafsiriwa, kisha mzee akapewa tiketi ya kurudi kwao. Basi. Hakuna aliyemwambia kitu. "Nikafika nyumbani nakohoa, nina redio na suti," akasema. "Nikasema aliyenifanya hivi ni mdogo wangu Yotamu. Kanionea wivu, kanitupia kitu kifuani. Miaka tisa sijamsalimu. Akahama, akaenda kijiji cha Ruanda." Alinitazama machoni. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Mtu anaweza kulituma vumbi lile?"

Jamani, mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilichokuwa nacho ni kurasa chache, na katika kurasa hizo aya moja ya vumbi la mawe niliyoisoma kwa kuogopa mtihani. Nikajibu, "Vumbi la mawe haliyeyuki, baba. Linaingia kwa kuvuta pumzi, linakaa kwenye vile vifuko, mwili unajaribu kulizungushia ukuta, mwishowe panakuwa pagumu, hapajai tena kama hapa. Hakuna anayeweza kulituma. Mtu yeyote akivuta vumbi lile miaka yote hiyo atapata."

"Hata angekuwa hana ndugu?"

"Hata angekuwa hana ndugu."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu. Halafu akauliza, "Na dawa yake?"

Nikasema, "Sijui, baba. Kitabu hakikusema."

Nilidanganya. Kitabu kilisema haipo.

Alinitazama muda kidogo, akasema, "Ahsante, mwanangu." Akaomba pampu. Akashindilia mwenyewe, mara moja tu kwa nguvu alizokuwa nazo, akayatazama mapafu yakijaa na kushuka, midomo yake ikifuata, wazi, funga. Alipomaliza akamgeukia mshenga wake. "Lazaro. Mbuzi hajakataa. Alikuwa na neno na mimi."

"Lakini amelia, mzee. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Na wewe ungelia ungetiwa pampu."

Baba ndiye aliyepasuka kucheka kwanza, kisha wote, na Mzee Lazaro, kwa uso wa mtu aliyemeza kwinini, akavua kofia akatamka, "Mbuzi amekubali." Kutoka jikoni Mama akapiga vigelegele, na mimi nikakimbia mpaka mlangoni kwa Sekela nikagonga kwa viganja vyote viwili, nikisema fungua, dada, amekubali, mbuzi amekubali. Akafungua. Macho yalikuwa mekundu na wanja umemshuka mpaka shavuni. Akanikumbatia, halafu ndipo akanifinya, mfinyo wa kweli, alama yake ilikaa wiki nzima.

Karatasi yangu Balozi aliisaini jioni ile, mkono umefungwa kitambaa. Aliandika: "Amefundisha. Wananchi walistuka, baadaye wakaelewa." Mwalimu alinikata alama kwa kutochora mchoro.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno ya kahawa. Siku hiyo nilikuwa nimesimama njiani kuwapokea watu wa Isansa, nikaiona ile baiskeli inapanda kilima, Mzee Nzowa yuko juu ya keria, lakini anayesukuma si Lazaro. Ni mtu mwembamba, wa makamo, ana masikio yale yale ya Mzee Nzowa. Hawakuwa wanaongea. Ila kila mzee alipoinua mkono yule mtu alisimama, akaishikilia baiskeli isirudi nyuma, akangoja mpaka kaka yake apate pumzi, ndipo wakaendelea.

Mzee Nzowa aliishi mavuno mawili zaidi. Aliniita mwalimu mpaka mwisho. Sekela na Ezekia wana watoto sita, na kila binti yao anapoposwa, dada yangu hupokea wageni, anachomoa pampu kwenye baiskeli zao, anazifungia chumbani kwake, ndipo ananikaribisha mimi. Simlaumu. Nimeapa kwamba sitapulizia tena kitu chochote kilichochinjwa, cha posa wala cha sikukuu, na kiapo hicho nimekishika.

Kiapo cha pili nilikiweka mwenyewe, nilipoanza kazi ya uuguzi. Mgonjwa akiniuliza kifua chake kina nini, nakaa naye chini, namweleza kwa lugha ya kwao yote ninayoyajua, na akiuliza dawa na dawa haipo, namwambia haipo, namshika mkono. Kwa sababu nimelikumbuka mara nyingi lile "Ahsante, mwanangu" la Mzee Nzowa, na jinsi alivyonitazama kabla ya kulisema. Alikuwa ameshalisikia jibu nililolificha. Alinishukuru ili nisijisikie vibaya.